Maneno Manne Niliyoyaruka

Wiki niliyorudisha kitambulisho changu cha ukalimani, ofisi iliyokuwa ikinipangia kazi iliniomba niwaandikie wakalimani wapya kurasa chache za kuwatia moyo. Nimeandika hizi. Za kutia moyo watazipata kwa mtu mwingine. Majina nimeyabadilisha, na mtaa sitautaja zaidi ya kusema uko Scarborough, penye maghorofa ya zamani yaliyojengwa yakiwa yameachana, na nyasi nyingi katikati yake. Siku hizi hayajaachana tena.

Sikuja Canada kuwa mkalimani. Morogoro nilikuwa mwalimu wa sekondari, Kiingereza na Kiswahili, na nilipofika Toronto vyeti vyangu vilipokewa kwa heshima, vikapigwa nakala, vikarudishwa ndani ya bahasha ileile. Miaka minne nilikunja mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee. Kisha mama mmoja Mkenya, muuguzi niliyekuwa nikisali naye, akanidokeza kwamba kuna ofisi inatafuta watu wa Kiswahili, maana familia za Wakongo na Warundi zilikuwa zinazidi kuja na hapakuwa na wa kuzisemea. Nilifanya mtihani Jumamosi. Jumanne nikapigiwa simu.

Kazi ya kwanza ilikuwa Januari, kwenye ukumbi mdogo wa chini wa ghorofa moja. Baba mmoja Mrundi alikuwa amekaa siku tisa na watoto wake bila kipasha joto, na meneja wa jengo alikuja na faili. Yule baba akasema anataka joto leo hii, hataki karatasi. Mimi, mwalimu niliyefunzwa adabu, nikageuza kwa Kiingereza kwamba bwana huyu anaomba, ikiwezekana, tatizo lake lishughulikiwe mapema. Meneja akatabasamu, akaandika kitu, akaaga. Joto lilikuja baada ya wiki nzima.

Kwenye kona aliketi mzee mwenye kofia ya sufu, aliyetumwa na ofisi kunipima. Huyo alikuwa Bwana Mohsin. Alizaliwa Tanga, babu zake walitoka Gujarati, na alikuwa anakaa Thornhill karibu na kituo cha ibada cha jamii yao. Kiswahili chake kilifanya changu kionekane kama waraka wa serikali. Kwa kuwa basi la kunirudisha lilikuwa la saa moja na nusu, alinipakia garini mwake, akanimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, akasubiri niinywe yote.

“Yule baba hakuomba,” akasema. “Alitaka. Kwa nini umemfanya mpole?”

Nikamwambia niliogopa meneja angeudhika. Akasema kuudhika kwa meneja si kazi yangu, na kwamba ukimpunguzia mtu ukali wake, siku ile ya Januari, umempunguzia joto. Halafu akawasha gari na hakulitaja tena jambo hilo mpaka nyumbani.

Bwana Mohsin ndiye aliyenifunza vifaa. Daftari dogo lenye waya juu, si pembeni, ili mkono usikwame unapofunua ukurasa. Penseli mbili, kwa sababu kalamu ya wino hugoma kwenye baridi na huwa inasubiri sentensi ndefu ndipo igome. Mstari katikati ya ukurasa: kushoto anayesema, kulia anachosema. Tarakimu ziandikwe zote, majina yaandikwe yote, na kila sharti lizungushiwe duara. Alilisisitiza sana hilo la duara. Kila penye “kama”, “iwapo”, “endapo”, duara. Alisema katika miaka yake ya mahakamani hakuona mtu aliyeumizwa na neno gumu. Watu waliumizwa na sharti dogo lililopita bila kusikika.

Kanuni iliyonichukua muda mrefu kuizoea ni ya nafsi. Mkalimani hasemi “bwana huyu anasema kwamba”. Anasema “mimi”. Daktari akisema nitakupasua Alhamisi, wewe unasema nitakupasua Alhamisi, na mgonjwa anakutazama wewe. Darasani watawaeleza kwamba hivyo ndivyo mkalimani anavyotoweka katikati ya watu wawili. Nililiamini jambo hilo miaka mingi. Sikuwahi kuwauliza waliokuwa wananisikiliza kama kweli nilikuwa nimetoweka.

Miaka ya mwanzo kazi zangu zilikuwa za hospitali na shule. Baadaye zikaja winchi za ujenzi. Kila ulipotazama upande wa mashariki kulikuwa na winchi mpya, na kila winchi ilitanguliwa na mikutano, na mikutano ya siku hizi ni lazima iwe na meza za lugha. Meza ya Kitamil, meza ya Kiurdu, meza ya Kiswahili. Kikaratasi chenye jina la lugha, visikilizio kwenye kisanduku, sambusa zilizopoa. Ukutani wanabandika michoro ya jengo litakalokuja: miti mikubwa ambayo hata haijapandwa, watu wembamba wakitembeza mbwa, jua la Julai. Katika michoro ile theluji haijawahi kunyesha Toronto. Wakazi hupewa vibandiko vya kijani wabandike kwenye kitu wanachokipenda. Niliulizwa mara nyingi kibandiko cha kusema hapana kiko wapi.

Bwana Mohsin hakwenda mikutano hiyo. Aliniambia mahakamani mtu anajua kwamba yuko mahakamani, kumbe kwenye mikutano ile hajui. Mimi nilikwenda, kwa sababu ilikuwa mingi na ilikuwa ya jioni, na nilijiambia kwamba bila mimi akina mama wale wangekaa mle ndani kama samani.

Hivyo ndivyo nilivyokutana na Mama Nabintu. Alitoka kijiji kimoja karibu na Bukavu, alikuwa amepita kambini miaka kumi na moja, na huku alikuwa anafanya usafi kwenye kiwanda cha kufungasha kuku. Nyuma ya majengo matatu ya mtaa wao kulikuwa na uwanja wa nyasi unaoteremka hadi kwenye kijito. Yeye na wenzake, Wakongo, Warundi na mzee mmoja wa Sri Lanka, walikuwa wameulima ukingo wa uwanja ule kwa miaka saba. Hawakupewa ruhusa wala hawakukatazwa. Msimamizi wa zamani wa majengo aliwaachia bomba la maji. Kuanzia mwisho wa Mei hadi baridi ya kwanza ya Oktoba walivuna lengalenga, yaani mchicha, maharage, majani ya maboga na matembele, na mahindi machache ya kuchoma. Upande wa pili watoto walicheza mpira, wakigombana kwa Kiingereza huku mama zao wakiwagombeza kwa Kiswahili.

Niliuona uwanja ule mchana mmoja wa Agosti kabla ya mkutano wa kwanza. Nilikuwa nimewahi, na Mama Nabintu akanishika mkono kunionyesha. Alinitembeza tuta kwa tuta, akinitajia la nani ni lipi, nani alijifungua majira ya kupalilia na nani alimlimia. Alinifungia matembele kwenye mfuko wa plastiki. Kanuni zetu zinakataza kupokea zawadi. Niliyapokea, nikayapika, na yalikuwa mazuri.

Kampuni yenye majengo ilitaka kujenga maghorofa mawili mapya juu ya uwanja ule. Msemaji wao aliitwa Greg, kijana wa miaka arobaini hivi, mstaarabu, anayekumbuka majina. Ningependa kuwaambia alikuwa mtu mbaya. Ingenirahisishia kuandika. Katika mkutano wa kwanza Greg aliueleza uwanja kwa neno moja la kitaalamu, ambalo maana yake ni ardhi isiyotumika ipasavyo. Mimi nikasema hivyo kwa Kiswahili, kwa nafsi ya kwanza, mbele ya wanawake kumi na wawili ambao bado walikuwa na udongo kwenye kucha. Waliitazama michoro, wakanitazama mimi. Mmoja aliuliza kwa sauti ndogo kama nimesema vizuri. Nikamjibu ndiyo, ndivyo ilivyosemwa.

Kamati ya wapangaji ikaanza kukusanya majina ya kupeleka pingamizi. Mama Nabintu alichukua karatasi, akapanda ngazi na kushuka, akarudi na majina kutoka nyumba thelathini na moja. Kwa watu wengi wa jengo lile, kuandika jina kwenye karatasi ya kumpinga mwenye nyumba si jambo dogo. Wametoka mahali ambapo orodha ya majina ilitumika kwa kazi nyingine. Waliandika kwa sababu yeye ndiye aliyewaomba.

Mkutano wa tatu ulikuwa Novemba, ukumbi wa michezo wa shule. Ulikuwa umeendelea kwa saa tatu nzima. Sauti yangu ilikuwa imekwisha, kwani mkalimani wa pili, ambaye kanuni inataka awepo ili mpokezane kila nusu saa, hakupangwa. Nilikuwa peke yangu. Mama Nabintu akasimama na kuuliza swali moja, nami nikalipeleka kwa Kiingereza: mashamba yetu yatabaki au hayatabaki?

Greg alichukua maikrofoni akamtazama yeye, si mimi, kama wasemaji wanavyofundishwa. Akajibu kwamba nia yao ni sehemu ya kulima ibaki pale pale mtaani, kutegemea mchoro wa mwisho. Niliandika yote. Nilizungushia duara yale ya mwisho. Kisha mtu wa meza ya Kitamil akawa ameshaanza kuuliza jambo la maegesho, Greg akawa anageuka, na Mama Nabintu alikuwa amesimama bado, ananitazama mdomoni.

Nikasema, “Nia yetu ni sehemu ya kulima ibaki hapa hapa.”

Nikanyamaza. Kutegemea mchoro wa mwisho: maneno manne. Nimejiuliza mara nyingi kama nilichoka tu, au niliona uso ule nikataka kuupa kitu. Sijui. Naandika hivi kwa sababu nimechoka kujifanya najua. Ninachokijua ni kwamba yeye alikaa, akawageukia wenzake, akawaambia kwa furaha kwamba shamba halitoki, na mimi niliyasikia hayo, na nilikuwa bado na nafasi ya kuinua mkono.

Baada ya mkutano nilichanachana kurasa za daftari na kuzitia kwenye kisanduku cha karatasi za siri, kama kanuni inavyoagiza. Wiki iliyofuata Mama Nabintu alirudi kwenye kamati akafuta jina lake. Hakuona sababu ya kugombana na mwenye nyumba ikiwa shamba linabaki. Na kwa kuwa majina yale yaliandikwa kwa ajili yake, karibu yote yalifutika kwa ajili yake. Hayo sikuyajua wakati ule. Nilikuwa nimeshatumwa kwenye mikutano mingine, penye michoro mingine ya jua.

Uzio ulijengwa mwezi wa Mei mwaka wa pili yake, wakati miche ya nyanya ilikuwa bado kwenye madirisha ya vyumba inangoja joto. Tingatinga lilikwangua matuta asubuhi moja. Sehemu ya kulima ikaja kuwepo, kwa mujibu wa mchoro wa mwisho: masanduku ya mbao kwenye paa la ghorofa ya tatu ya jengo jipya, yanayofikiwa kwa kadi ya wakazi wa jengo jipya.

Nilikutana na Mama Nabintu katika duka moja la vyakula vya Kiafrika, kwenye plaza, nimeshika pakiti ya kisamvu cha barafu. Nilifurahi kumwona. Nikamsalimia, nikamuuliza habari za shamba, nikiwa sijui lolote.

“Weye njo ulisema itabaki,” akasema kwa Kiswahili cha kwao: mimi ndiye niliyesema.

Nikamweleza kanuni, katikati ya duka. Kwamba maneno yale yalikuwa ya Greg, kwamba mimi ni mkalimani tu, nasema kile kinachosemwa na wengine. Nilieleza vizuri sana. Nilikuwa nimekifundisha kipengele kile kwa wanafunzi wapya mara mbili mwaka ule.

“Ule muzungu simujui,” akasema. “Kizungu sisikii. Miye nilisikia weye.”

Akalipia unga wake akaondoka. Nami nilirudi nyumbani nikatafuta kumbukumbu za mkutano, ambazo kampuni huziweka wazi kwenye mtandao. Zilikuwepo, safi, kwa Kiingereza. Jibu la Greg lilikuwa zima, na sharti lake mwishoni. Chini kidogo palikuwa na mstari mwingine uliotumika baadaye dhidi ya lile pingamizi lililobaki na majina machache: kwamba wakulima wenyewe wa uwanja ule wameridhika na maelezo. Niliusoma mstari ule mpaka macho yakauma. Kuridhika kule kulikuwa kazi yangu.

Nilikwenda Thornhill kwa Bwana Mohsin. Alikuwa ameshazeeka, haendeshi tena, na mkewe ndiye aliyenifungulia. Nilimsimulia yote nikitumaini atasema ni uchovu, ni kosa la waliopanga mkalimani mmoja. Aliuliza kitu kimoja tu, kama niliyaandika maneno yale kabla ya kuyaacha. Nikasema niliyaandika. Akasema, “Basi ripoti, Bi Rehema. Usitafute hapa pa kupumzikia.” Hakunipa chai siku ile, au labda mkewe alisahau. Alifariki mwaka uliofuata, na sikupata kumwambia ilivyokwisha.

Niliripoti. Niliandika barua kwa ofisi yangu na ofisi ikaipeleka kwa kampuni iliyoitisha mkutano. Nilidhani pengine mtu angelazimika kurudi kwa wale akina mama na kuwauliza upya. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, fupi na la heshima. Walinishukuru kwa uaminifu wangu. Walieleza kwamba ukalimani katika mikutano ya wakazi hutolewa kama huduma ya hisani, na kwamba rekodi inayotambuliwa ni ya Kiingereza, ambayo haikuwa na kosa. Kwa hiyo hapakuwa na cha kurekebisha. Nilipoiona barua ile nilielewa nilikuwa nimefanya kazi gani miaka yote ile ya meza na sambusa. Tulichosema kwa Kiswahili hakikuhesabika kama ahadi. Walichokubali kwa Kiswahili kilihesabika kama ridhaa.

Ofisi nayo ilinipeleka kwenye mafunzo ya siku moja, na ikanikumbusha kwa maandishi kwamba mkataba wangu unanizuia kuzungumza na mkazi yeyote kuhusu mkutano niliofanyia kazi. Nilitii. Hilo nalo liko kwenye hesabu yangu. Nilikuwa na miaka michache kabla ya kustaafu, nikatii.

Nilichobadilisha ni namna ya kufanya kazi. Mikutano iliyobaki nilikuwa nasimama. Sentensi ikipita haraka naomba irudiwe. Sharti likitajwa nalisema mara mbili, kisha namuuliza msemaji mbele ya watu kama nimelielewa vizuri. Mara moja mwendesha mkutano aliniomba nisiwachanganye wakazi. Nikamwambia bado sijawachanganya, ndiyo kwanza wanaanza kusikia. Kazi za mikutano zikapungua, na ratiba yangu ikajaa kliniki za macho. Sikulalamika. Daktari wa macho akisema utaona vizuri zaidi, mara nyingi ni kweli.

Mkataba wangu uliisha Ijumaa. Sina uhakika kama ile karatasi ya usiri iliisha nao. Sikumwuliza mwanasheria, maana nilijua angejibu nini. Jumatatu nilipanda basi hadi kwa Mama Nabintu.

Alinikaribisha, kwa sababu kwao huwezi kumwacha mgeni mlangoni. Dirisha lake, ambalo zamani lilitazama uwanja na kijito, sasa linatazama madirisha ya jengo jipya, karibu kiasi kwamba nilimwona mwanamume mmoja akipiga pasi shati. Mapazia yalifungwa nusu mchana kweupe. Nikamwambia nimekuja na neno. Nikalisema lote, sasa kwa nafsi yangu mwenyewe: alichojibu Greg, nilichoandika, nilichokitamka, nilichokiacha. Nilimwambia pia kwamba nilikuwa nimejua kwa karibu miaka mitatu, na sababu ya kunyamaza kwangu.

Alisikiliza akiwa amekunja mikono mapajani. Nilipomaliza aliuliza kama ningeweza kuyarudia yale maneno niliyoyaacha. Nikayarudia. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi.

“Kama ungesema yote, singefuta jina yangu,” akasema. “Labda tungeshindwa tu. Bale bako na makuta, bako na pesa, na siye hatuna. Lakini ningeshindwa na mimi nikiwa nasimama. Weye uliniketisha.”

Nilianza kuomba msamaha, naye akainua kiganja kidogo, si kwa hasira, akasema nimeshasema. Hakuuliza habari za nyumbani wala hakutaja chai. Alisimama, nami nikasimama.

Alinisindikiza, kwa sababu mgeni husindikizwa. Tulipita koridoni, tukangoja lifti, ambayo kwenye jengo lile huchelewa sana. Ilipofika aliuzuia mlango kwa bega mpaka nikaingia. Kisha akanyoosha mkono ndani, akabonyeza kitufe cha chini yeye mwenyewe, akaurudisha mkono wake, na mlango ukajifunga.